Banda la gemu lililohamia kwenye kifurushi cha mwezi: kisa cha Mtwara mjini

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Mtwara mjini kuanzia Oktoba 2023. Mwenye banda ameniruhusu kuyaandika kwa sharti kwamba jina lake, mtaa wake na jina la jirani yake visionekane. Tarakimu za mapato nimezisogeza kidogo ila uwiano wake ni uleule wa kwenye daftari lake. Na mimi si mtazamaji wa pembeni: ndiye fundi niliyemfungia mashine, na ushauri uliomgharimu zaidi ulitoka mdomoni mwangu.

Banda na biashara yake

Ni fremu moja ya biashara, feni ya ukutani, benchi nne za mbao na televisheni nne. Alianza na PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) mbili zilizowekwa chipu, enzi ambazo CD ya kuchoma ilipatikana kwa bei ya soda. Zikaja PS3, na mwaka 2022 akanunua PS4 mbili za mtumba kutoka Kariakoo. Mechi moja ya mpira ni jero, yaani shilingi 500, na sheria ya banda ipo ukutani kwenye karatasi ya manila: MFUNGWA ANALIPA.

Sheria hiyo si mzaha, ndiyo biashara yenyewe. Banda haliuzi gemu, linauza ubishi wa watu wawili wenye pedi mbili mbele ya skrini moja, na wengine sita nyuma yao wakisubiri zamu na kupiga kelele. Ukilisahau hilo, kila hesabu utakayopiga baadaye itakuwa na kasoro. Sisi tulilisahau.

Jambo la pili ni msimu. Huku kwetu fedha ina tarehe zake. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mji unabadilika: bodaboda mpya zinaonekana, na hata kijana anayebeba magunia ghalani ana buku mbili ya kuchezea jioni. Hali hiyo inakwenda hadi Januari. Kuanzia Machi mvua zinakolea na mifuko inakauka. Daftari lake linaonyesha mechi 60 kwa siku mwezi Novemba na mechi 18 mwezi Aprili.

Jirani mpya

Katikati ya 2023, mitaa mitatu kutoka pale, kijana mmoja alifungua banda lenye PS5 mbili, kioo mlangoni na kiyoyozi. Septemba ile ikatoka gemu ya mpira, EA Sports FC 24, ya kwanza baada ya kampuni ya EA kuachana na jina la FIFA lililodumu tangu 1993. Jirani akawa nayo ndani ya wiki chache. Wateja wakubwa, wale wenye kazi, wakahama. Kwa mzee wangu, yule mwenye banda, wakabaki watoto na wanaodaiwa.

Akaniita. Tulikuwa na njia tatu mezani:

Ya kwanza, kununua CD mbili za FC 24 kwa ajili ya PS4 zake. Gemu hiyo ilitoka pia kwa PS4, na CD moja mpya ilikuwa karibu 170,000.

Ya pili, kutafuta PS5 moja ya mtumba.

Ya tatu, kununua Xbox Series S mbili, mashine za Microsoft, na kulipia kila mwezi Game Pass Ultimate, kifurushi chao cha gemu.

Ya tatu ilikuwa yangu.

Kwa nini mashine ile ilikuwa rahisi

Inabidi nitoke Mtwara kidogo, maana bei iliyotuvutia ilikuwa chambo katika vita vya watu wengine.

Sony na Microsoft walishindana kwa kizazi kizima kuanzia Novemba 2013, PS4 kwa Xbox One, na Sony akashinda kwa mbali: PS4 ziliuzwa zaidi ya milioni 117, na Xbox One haikufika hata nusu ya hizo. Sehemu ya kushindwa huko ilianzia Juni 2013, Microsoft waliposema kwamba Xbox One itahitaji kujiunganisha na mtandao angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuazimana na kuuziana gemu zilizotumika kutakuwa na masharti. Sony wakajibu kwa video fupi: mtu anamkabidhi mwenzake kasha la gemu, mwenzake anasema asante, basi. Microsoft wakarudi nyuma mwezi uleule.

Waliposhindwa kuuza mashine nyingi zaidi, wakabadilisha uwanja. Tarehe 1 Juni 2017 wakaanzisha Game Pass: dola 9.99 kwa mwezi, gemu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata wakatangaza kuwa gemu zao wenyewe zitaingia humo siku ileile zinapotoka. Novemba 2020 ikaja Series S, dola 299, isiyo na mlango wa CD kabisa, wakati PS5 yenye mlango wa CD ilikuwa dola 499. Ukiiangalia vizuri, Series S ni kama king'amuzi: kinauzwa kwa bei ya kutupwa kwa sababu faida iko kwenye kifurushi. Wakanunua na watengenezaji ili kifurushi kishibe. ZeniMax iliwagharimu dola bilioni 7.5. Kisha Activision Blizzard, iliyotangazwa Januari 2022 kwa dola bilioni 68.7 na kukamilika Oktoba 2023 baada ya mvutano na FTC, tume ya ushindani wa biashara ya Marekani, na mamlaka ya ushindani ya Uingereza. Sony naye Juni 2022 alikipanga upya kifurushi chake, PlayStation Plus, katika madaraja matatu, lakini akakataa kuweka gemu zake kubwa mpya humo siku ya kwanza. Septemba 2023 akapandisha bei: daraja la chini kwa mwaka likatoka dola 59.99 hadi 79.99.

Mimi nilikuwa nazifuatilia habari hizi na nikaona nimeelewa. Nikamwambia mzee: mwenzako ana gemu moja, wewe utakuwa na mamia.

Akaniuliza swali moja zuri. "Fundi, hiki si ndicho kama king'amuzi? Nisipolipia picha inakata?"

"Ni kama king'amuzi, mzee wangu. Lakini ukilipia unapata kila kitu."

Nusu ya pili ya jibu langu haikuwa kweli.

Mfululizo wa matukio

Novemba 2023, kwa fedha ya korosho za familia kutoka Newala, tulinunua Series S mbili. Hakukopa, na hilo nalitaja kwa sababu lilikuja kumwokoa. Tanzania haimo katika nchi ambazo huduma ya Xbox inauzwa rasmi, kwa hiyo akaunti tuliifungua kama ya Marekani na vocha za mwezi tukawa tunazipata kwa wakala wa Dar es Salaam kupitia WhatsApp: 52,000 kwa mwezi kwa huduma ya dola 16.99. Ruta ya intaneti ikala 60,000 nyingine. Kila kitu kililipiwa tarehe 15.

Wiki ya kwanza banda lilijaa. Watoto walishangaa ile orodha ndefu ya picha. Lakini wakubwa walipokuja waliuliza neno moja: "FC 24 ipo?"

Haikuwepo. Ndani ya Ultimate kuna EA Play, kifurushi cha kampuni ya EA, na EA Play ilikuwa na FIFA 23. Ile mpya ilikuwa inatolewa kwa majaribio ya saa 10 tu. Nikasema basi tuipakue, saa 10 ni nyingi. Kwa mtu anayecheza nyumbani baada ya kazi, saa 10 ni wiki nzima. Kwa banda linalofunguliwa saa nne asubuhi ni siku moja. Tulikesha tukiipakua, gigabaiti zaidi ya 40. Siku ya pili yake, kabla ya magharibi, muda ukaisha, skrini ikaleta tangazo la kununua. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu na jero yake mkononi aliitazama ile skrini, akamtazama mzee, akairudisha jero mfukoni. Hakusema kitu. Alikwenda kwa jirani.

Desemba ilikuwa nzuri hata hivyo, kwa sababu ya gemu ya GTA V. Ilikuwemo tangu Julai, na watoto wa likizo waliilipia kwa dakika, bila kuhitaji mpinzani. Tarehe 5 Januari 2024 ikaondolewa kwenye orodha. Mtoto mmoja alikuwa amefika mbali kwenye misheni zake. Kila asubuhi alikuja kuuliza kama imerudi.

Februari wakala alituma vocha ya nchi nyingine. Vocha hizi zinafuata nchi ya akaunti, hivyo ikakataa. Siku nne za kubishana kwenye simu, na siku nne mashine mbili zimekaa kimya.

Aprili, tarehe 25, FC 24 ikaingia EA Play. Miezi saba baada ya kutoka, na katikati ya ukame wa fedha. Tukafurahi kidogo. Mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Kilwa, na pedi nne tulizoagiza zikakwama njiani. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei.

Jumapili hiyo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima ikahisi. Jioni Arsenal waliifunga Manchester United bao moja kwao, na vijana wakatoka kibanda umiza moja kwa moja kuja kwetu kurudia mechi kwa mikono yao. Akaunti moja ya Xbox inaruhusu mashine moja iandikishwe kama ya nyumbani, na hiyo hufungua gemu hata mtandao usipokuwepo. Mashine ya pili inafungua kwa sharti kwamba mwenye akaunti aonekane mtandaoni. Ya kwanza ikacheza. Ya pili ikagoma. Mzee alisimama katikati ya watu kumi na tano, anazima ruta na kuwasha, anazima na kuwasha. PS4 zilizokuwa pembeni, zenye FIFA za miaka ya nyuma kwenye CD, zilikuwa zinafanya kazi bila shida yoyote.

Tarehe 10 Julai bei ya Ultimate ikapanda hadi dola 19.99. Wakala akasema 65,000. Mzee akalipa mara moja ya mwisho.

Uamuzi wa kuacha

Wiki moja baada ya Nanenane muda wa vocha uliisha. Asubuhi ile nilipita. Gemu zote zilikuwa bado zimo kwenye mashine, picha zake zinaonekana, ila hakuna iliyofunguka. Alinionyesha daftari bila kusema lolote. Vocha nane za 52,000 na moja ya 65,000: jumla 481,000. Chini yake alikuwa ameandika bei ya CD mbili za FC 24 kama angezinunua Novemba, 340,000, na pembeni, 120,000, bei ambayo angeziuza zote mbili kabla ya FC 25 kutoka. Tofauti ni 220,000. Tena CD zingempa mpira mpya tangu siku ya kwanza ya msimu wa korosho.

Aliuza Series S moja kwa mfanyakazi anayeishi peke yake na mwenye intaneti nzuri nyumbani, mtu ambaye mashine ile ilimfaa haswa. Fedha ilirudisha karibu theluthi mbili ya alichonunulia. Akatafuta CD za FC 24 za mkono wa pili, maana wakati huo kila mtu alikuwa anazitoa akisubiri toleo jipya.

Matokeo

Novemba 2024 mechi zilirudi 50 kwa siku, nyingi zikiwa kwenye PS4. Jirani amepandisha mechi ya PS5 hadi buku, na wateja wake ni wafanyakazi. Wa mzee ni wanafunzi wa vyuo na watoto, wale wa shule wakija baada ya masomo tu. Kwa kifupi soko limegawanyika, na sidhani kama yeyote kati yao alilipanga hilo. Series S iliyobaki ina gemu mbili alizozinunua kabisa zilipopunguzwa bei.

Kifurushi hakukitupa moja kwa moja. Desemba 2024, likizo na korosho vikiwa pamoja, alinunua vocha ya mwezi mmoja, akaweka Series S kona ya watoto, na Januari akaiacha iishe. Mwezi ule ulimlipa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa kufananisha wingi wa gemu na mapato. Tulipozipekua zile mamia, nyingi zilikuwa za mtu mmoja, au za wachezaji wengi kupitia mtandao. Forza Horizon 5 ni mfano mzuri: magari yake yanamvuta kila mtoto anayeingia mlangoni, lakini haigawi skrini kwa watu wawili. Pedi ya pili inakaa bure, na benchi linalosubiri linachoka. Katika miezi tisa, gemu zilizoingiza fedha ya maana zilikuwa tatu: mpira, GTA ilipokuwepo, na moja ya mieleka.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: kucheza wawili kwenye mashine moja hakuhitaji kifurushi chochote, si kwa Xbox wala kwa PlayStation. Kifurushi kinahitajika kwa kucheza na watu wa mbali. Jirani hakuwahi kulipia PlayStation Plus hata mwezi mmoja. Sisi tulilipia daraja la juu kabisa, na sehemu kubwa ya tulichokilipia ilikuwa huduma ya mtandaoni ambayo hakuna mteja aliyewahi kuigusa. Hili nilipaswa kulijua. Lilikuwa limeandikwa wazi.

Kosa la pili ni la kalenda. Mapato ya banda yanapanda na kushuka na korosho, lakini vocha na ruta vilikuwa zaidi ya 110,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, tena kwa dola katika kipindi ambacho dola yenyewe ilikuwa adimu nchini. Mwezi Novemba hizo ni mechi za siku nne. Mwezi Aprili ni za siku kumi na mbili. CD ni gharama ya mara moja, unailipa ukiwa nacho, na ukikwama unaiuza. Watu wengi huona kifurushi kuwa nafuu kwa sababu wanalinganisha 52,000 na 170,000. Ulinganisho sahihi ni wa msimu mzima, ukiweka na bei ya kuuzia mwishoni. Gemu ya kifurushi haina bei ya kuuzia.

La tatu, tulijenga banda juu ya uamuzi wa watu wasiojua kwamba tupo. Akaunti ilikuwa ya nchi nyingine. Masharti ya huduma hizi yanasema ni za matumizi binafsi, si ya biashara, hivyo hata kama kungetokea tatizo hatukuwa na pa kulalamikia. Nami sasa simshauri mwenye banda yeyote kuitegemea akaunti ya namna hiyo. Hata anayenunua gemu kihalali anaweza kufungiwa mlango: Mei 2024, Helldivers 2 ya kompyuta iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma ya mtandao ya PlayStation haipo, baada ya Sony kutaka kila mchezaji awe na akaunti yao. Sony walilifuta sharti hilo siku chache tu baadaye kwa kelele za wachezaji.

Kuhusu kupanda kwa bei, dalili zilikuwepo. Mwenye kuuza mashine kwa bei ya chini na kutumia mabilioni kununua watengenezaji lazima arudishe fedha mahali fulani. Julai 2024, miezi tisa baada ya ununuzi wa Activision kukamilika, FTC iliiandikia mahakama ya rufaa ikilalamikia bei mpya na daraja jipya lisilokuwa na gemu za siku ya kwanza. Oktoba 2025 Ultimate ikafika dola 29.99. Mtu wa Marekani anaweza kuzihesabu hizo kama gharama ya burudani ya nyumbani. Huku ni mtaji.

Kilichofanya kazi? Kununua bila mkopo, kwanza. Angekuwa na marejesho ya kila wiki, zile siku nne za Februari zingetosha kumfunga. Pili, hakuziuza PS4 zake wakati mimi nikimwambia zimepitwa na wakati, alisema tu, "Ziache hapo, hazili chakula." Tatu, daftari. Kila mechi, kila gemu, kila siku. Bila daftari tungekuwa bado tunabishana kama tatizo lilikuwa bei, mtandao au jirani.

Na Series S si mashine mbaya. Kona ya watoto mwezi wa likizo imeonyesha kwamba orodha ndefu ina mteja wake, ila ni mteja wa mwezi mmoja, wa kulipa kwa dakika, asiye na haja ya mpinzani.

Desemba 2025 mzee alinipigia kuuliza bei ya vocha ya likizo. Mpira, nilimwambia, bado umo kwenye daraja la juu peke yake, na wakala anataka 90,000. Kimya kidogo, nikasikia karatasi ya daftari ikifunuliwa.

"Gawa kwa jero," akasema. "Mechi mia na themanini, fundi. Watoto wenyewe wapo likizo wiki ngapi?"

Nikamtajia. Akasema atafikiri, akakata simu. Kulikuwa na mtu amefungwa tatu bila na hataki kulipa.